Daftari la makosa shuleni lisomwe, lisifungiwe kabatini

KILA muhula wa pili unapowadia, wazazi wenye watoto katika shule za mabweni humu nchini hulala usingizi wa mang'amung'amu. Historia wanaijua. Usiku wa Julai 13, 1991, wasichana 19 walifariki katika shule ya St Kizito, Meru. Mnamo Julai 2008 migomo ilienea katika mamia ya shule. Mwaka wa 2016 nao, mabweni yaliteketezwa kwa wingi kati ya Julai na Agosti, hata Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kikafanya uchunguzi maalum kuhusu miezi hiyo miwili.

Si kwamba muhula wa kwanza umesalimika. Mkasa wa Kyanguli, Machakos, uliowaangamiza wavulana 67, ulitokea Machi 2001.

Ada yetu baada ya kila balaa ni kuunda jopo. Baada ya Kyanguli lilikuwepo jopokazi la Bi Naomy Wangai, na baada ya moto wa 2016 likafuata la Bi Claire Omolo. Majopo haya huzuru shule, huwahoji walimu, wazazi na wanafunzi, kisha huandika ripoti nene. Linalosahaulika ni kwamba shule yenyewe huwa tayari ina ripoti yake, iliyoandikwa siku baada ya siku kwa mkono wa mwalimu wa zamu.

Nazungumzia daftari la makosa, lile ambalo wanafunzi wengi hulijua kama daftari jeusi. Humo huingizwa jina la aliyechelewa, aliyetoroka prepu, aliyepigana bwenini na aliyemjibu mwalimu kwa ujeuri. Baada ya hapo daftari hurudishwa kabatini katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu. Hufunguliwa tu siku mwanafunzi anapofikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, ili kurasa zipekuliwe kutafuta jina lake. Kwa maneno mengine, ni kumbukumbu ya mashtaka. Hakuna anayeketi kulisoma ili aielewe shule.

Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon walianza kitambo kulitumia daftari kama hilo kwa njia nyingine. Mwalimu anapompeleka mwanafunzi ofisini kwa kosa, hujaza fomu fupi: kosa gani, mahali gani, saa ngapi, nani walihusika, na yaelekea mwanafunzi alikuwa akitafuta au akikwepa nini. Kila mwezi walimu wachache huketi na kuzihesabu fomu hizo. Hata hesabu yenyewe ina busara yake: idadi ya makosa hugawanywa kwa siku za masomo za mwezi husika, kwani mwezi wenye likizo ya katikati ya muhula unaweza kuonekana mtulivu ilhali haukuwa.

Matokeo yake si haba. Katika utafiti uliofanywa katika shule 37 za msingi za jimbo la Maryland, shule zilizofuata mpango mzima ambao hesabu hizi ni sehemu yake zililinganishwa na zile ambazo hazikuufuata. Uwezekano wa mtoto kupelekwa ofisini kwa utovu wa nidhamu ulikuwa chini kwa takriban thuluthi moja katika shule zilizoufuata.

Je, hesabu hizo zingetufaa vipi hapa kwetu? Tuchukulie shule ya bweni yenye wanafunzi 800, iliyoandikisha makosa 60 kwa mwezi mmoja. Naibu akisoma majina pekee, ataona watundu 60. Akisoma mahali na saa, huenda akaona kwamba 25 kati ya makosa hayo ni ugomvi wa alfajiri kwenye foleni ya maji, ambapo mabweni matatu hutegemea mifereji miwili. Adhabu haiongezi mfereji. Huenda pia akaona kwamba kelele na utoro wa prepu hutokea Jumatano na Ijumaa tu, akaangalia ratiba ya zamu na kugundua kwamba siku hizo mwalimu husika huondoka mapema. Hapo anayehitaji kuitwa ofisini si mwanafunzi!

Kuna jingine ambalo daftari hufichua, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Makosa 60 yaliyotendwa na wanafunzi 55 tofauti si sawa na makosa 60 yaliyotendwa na wanafunzi wanane. Katika hali ya kwanza shule yenyewe ina kasoro, iwe ni sheria zisizoeleweka, mlo duni au msongamano. Katika hali ya pili wapo watoto wanane wenye shida zao, na kazi hiyo ni ya mwalimu wa ushauri nasaha. Watafiti wa Oregon wanakadiria kwamba katika shule iliyo shwari, takriban asilimia 80 ya wanafunzi hupelekwa ofisini mara moja au wasipelekwe kabisa kwa mwaka mzima. Shule zetu nyingi huziadhibu hali hizi mbili kwa namna moja: darasa zima hupiga magoti, au shule nzima hurudishwa nyumbani kuleta wazazi.

Ikumbukwe kwamba kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalikazia katazo hilo. Hata hivyo, kila fujo zinapozuka, sauti za kutaka kirejeshwe husikika. Mnamo 2021, Profesa George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, aliliunga mkono wazo hilo akiwa Waziri wa Elimu. Walimu wanaolalamika kwamba walipokonywa silaha bila kupewa nyingine wana hoja. Ila kiboko hakingewaambia ugomvi huanzia wapi.

Hata hivyo, daftari si msahafu. Huandikwa na binadamu, na binadamu ana upendeleo. Katika mwaka wa masomo wa 2013-14 nchini Marekani, wanafunzi Weusi walikuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini walikuwa asilimia 39 ya waliosimamishwa masomo. Mtafiti Russell Skiba na wenzake walionyesha mwaka wa 2002 kwamba wanafunzi Wazungu walipelekwa ofisini zaidi kwa makosa yanayoonekana wazi, kama vile kuvuta sigara na kuharibu mali, nao Weusi kwa makosa yanayotegemea hisia za mwalimu, mathalani kukosa heshima.

Sisi tuna maneno yetu ya aina hiyo: kiburi, dharau, kichwa ngumu. Shule itakayolisoma daftari lake kwa uaminifu itauliza pia ni mwalimu gani huandika "kiburi" mara nyingi kuliko wenzake, na ni watoto wa nani huandikwa hivyo. Isitoshe, mwanafunzi aliyeandikwa akiwa Kidato cha Kwanza hapaswi kufuatwa na neno hilo hadi kwenye cheti cha kuondoka shuleni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaipa habari ya mtoto ulinzi wa pekee, na shule hazijasamehewa.

Wizara ya Elimu nayo ijihadhari na kishawishi cha kuzikusanya takwimu hizi ili kuzipanga shule kutoka bora hadi mbovu. Tuliyaona hayo katika matokeo ya mitihani. Mwalimu mkuu akijua kwamba makosa mengi daftarini yatamharibia kazi, daftari litakuwa safi kama karatasi mpya, na bweni litawaka moto bila onyo.

Kazi yenyewe haihitaji kompyuta. Karatasi iliyopigwa mistari, kalamu na saa moja kila mwisho wa mwezi vinatosha, alimradi mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi ili apate saa hiyo. Na jumla ya mahali na nyakati, bila jina la yeyote, ibandikwe mbele ya wanafunzi ili nao watoe maelezo. Wao ndio wanaojua kwa nini foleni ya maji ya alfajiri huzua ngumi.