Wafugaji wa Texas Hawakujitakia Moto

Hoja kwamba wafugaji wa kaskazini kabisa mwa Texas wamejitakia maafa kwa kung'ang'ania nyika inayowaka haina mashiko. Moto wa Smokehouse Creek, uliozuka Februari 26, 2024 na kuteketeza zaidi ya ekari milioni moja, haukuwashwa na mfugaji. Kamati ya Bunge la Texas ilibaini kuwa ulianzia kwenye nguzo ya umeme iliyooza, ikavunjika. Maelfu ya ng'ombe waliangamia. Wengine walisalia wakiwa wameungua kwato na chuchu, wasiweze kutembea wala kunyonyesha ndama.

Mtu atasema upepo mkali na nyasi zilizokauka vilitosha kuleta balaa. La hasha: vitu hivyo hueneza moto, lakini cheche ilitoka kwenye nyaya za nguzo hiyo. Wengine watataka mifugo iondolewe. Lakini ng'ombe hupunguza nyasi. Wakiondoka, nyasi zitarundikana na moto ujao utakuwa mkali zaidi. Tena wanaotangulia kuukabili moto vijijini huko ni zimamoto wa kujitolea, wakiwemo wafugaji wenyewe. Wakihama, nani atauzima? Nguzo zikaguliwe, mbovu zing'olewe, na mwenye nguzo awajibike.