Mama Mkwe Analala Wapi?

Mpenzi msomaji, mwezi huu naongelea kochi. Usifunue ukurasa kwanza! Najua unasema huyu kaka kaishiwa. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta hapa Lisekese, halafu utajua jinsi kochi linavyoweza kumweka mtu na mkewe wiki nzima bila kusemeshana.

Sisi tumepanga chumba na sebule. Sebule yenyewe ni futi 10 kwa 12, na ukishaweka kabati la tivii na meza, wageni watatu wakikaa wa nne anasimama mlangoni. Choo kiko uani, na njia ya kwenda uani ni moja tu, inapita sebuleni. Sasa ukiishi Masasi wageni hawaishi. Mara baba mdogo kashuka kutoka Newala kufuatilia malipo ya korosho, mara shangazi kaja kwenye unyago, mara mtu anawahi Hospitali ya Mkomaindo au anaunganisha gari la kwenda Ndanda. Umwambie akatafute gesti? Ukoo mzima utakuwa umeshasikia kabla hajafika stendi.

Basi tukanunua kochi la kulalia, hizi wanazoita sofa bedi. Nililichagua mimi, peke yangu, kwa dakika tano. Jeusi, ngozi bandia, linang'aa. Unasukuma egemeo, linalia “kra!”, linalala, tayari kitanda. Na bei poa. Nikajiona kidume.

Wa kwanza kulilalia akawa mama mkwe. Alikuwa na kliniki Ndanda, akafika jioni kutoka Newala ili asubuhi awahi gari la kwanza. Mke wangu akataka tumpishe chumbani, mama akakataa katakata. Kwa mila zetu, mama mkwe kulala kitanda cha mume wa binti yake ni aibu isiyosemeka. Nikasema hamna shida, kochi lipo.

Saa nane usiku nikabanwa na haja ndogo. Kutoka siwezi, nitampitaje mama mkwe amelala? Nikajikunja kitandani mpaka alfajiri. Nilipotoka nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka, kajifunga kitenge chake, kochi limekunjwa kama halijaguswa.

“Mama, shikamoo. Hukulala kwenye kochi?”

“Marahaba, baba. Nimelala vizuri, mkeka nimeuzoea.”

Aliporudi kliniki hakulala kwetu. Alipitiliza kwa mdogo wake kule Mkuti. Hakulalamika, hakuaga kwa ubaya, lakini mke wangu alielewa. “Mama yangu na umri ule, kalala chini nyumbani kwangu.” Baada ya hapo ikawa mazungumzo yetu ni chumvi imeisha na umeme umekatika.

Jumapili nikaamua kulilalia mwenyewe. Sikumaliza nusu saa. Chuma kinanichoma mgongoni, kati ya kikalio na egemeo kuna bonde, ngozi bandia inanata jasho, sponji ni inchi tatu. Hapo ndo nikajua kosa langu. Nilinunua kochi la kukalia, kulala nikakufanya nyongeza. Na sikujiuliza atakayelala ni nani.

Tukaenda kwa fundi seremala, safari hii wote wawili. Haya ndiyo tuliyojifunza, chukua bure.

Anza na mgeni, siyo duka
Kama wageni wako ni vijana wenzako, wadogo zako au marafiki wa chuo, pengine huhitaji kochi la kulalia kabisa. Godoro la kukunja mara tatu linatosha, mchana unaliweka nyuma ya mlango. Lakini kama anakuja mzazi, mjamzito au mtu anayetoka hospitali, kitanda kisiwe chini sana. Inchi 16 hadi 18 kutoka sakafuni, aweze kuinuka bila kushikwa mkono.

Pima likiwa limefunguliwa
Wengi tunapima kochi likiwa kochi. Chukua gazeti la zamani, litandaze sakafuni kwa ukubwa wa kitanda chenyewe, futi 4 kwa 6 kwa mfano, ongeza mbao za pembeni. Halafu jaribu kupita. Mlango unafunguka? Meza inaenda wapi? Acha angalau futi mbili za njia. Kwetu tuligundua kochi likae ukuta wa pili, mbali na mlango wa uani, na kati yake tukafunga waya na pazia zito. Mchana pazia linakunjwa pembeni kama pambo. Usiku mgeni ana chumba chake, na mimi naenda uani kwa amani.

Chagua aina yake
Yako ya aina tatu. La kulaza egemeo, kama lile letu, ni rahisi lakini unalalia pale kochi linapokatikia. La chuma lenye godoro lililokunjwa ndani ni zuri kama chuma ni imara, ila lina uzito, na godoro lake likiwa jembamba utavihesabu vyuma vyote. La tatu ni la kuvuta kama droo: chaga inatoka mbele, matakia yanapangwa juu. Sisi tulichukua hili. Fundi wa kawaida analiweza, na likiharibika analitengeneza hapa hapa.

Kuna kisa kimoja kilinifurahisha. Mwaka 1948 huko Marekani, Bernard Castro, mtengenezaji wa makochi ya kukunjua, alitoa tangazo la televisheni ambamo binti yake Bernadette, mwenye miaka 4, anakunjua kochi mwenyewe. Kilikuwa kipimo kizuri sana. Mama mkwe naye aweze kulivuta na kulirudisha peke yake, bila kumwita mkwewe aje na msuli.

Mbao, sponji, kitambaa
Huku kwetu mchwa hana adabu. Fremu iwe ya mninga au mkongo, na omba kuiona kabla haijavikwa kitambaa, maana ndani wengine huficha mbao laini. Sponji isipungue inchi tano, na iwe nzito. Ibonyeze kwa goti, kama unagusa mbao chini, achana nayo. Kitambaa kiwe cha pamba au cha kufumwa, chenye zipu ili kifuliwe. Ukinunua la mtumba, kagua mishono kwa tochi. Kunguni akishaingia sebuleni, chumbani anakuja mwenyewe.

Usisahau chandarua
Mtu anakunua kochi la maana, halafu mgeni analala na mbu. Pigilia ndoano mbili juu ya kochi mapema. Na mwambie fundi aache sanduku chini ya kikalio, shuka, mto, blanketi na chandarua vikae humo. Mgeni asikuone unapekua kabati saa nne usiku, atajiona mzigo.

Ushauri wa mwisho, agiza kabla ya msimu. Korosho zikianza kuuzwa kuanzia Oktoba, kila mtu anataka kitanda kipya na mafundi wanakuwa na foleni. Letu tuliagiza Juni.

Mama alirudi kliniki mwezi Agosti. Mke wangu alimwonyesha jinsi ya kuvuta mara moja tu. Usiku nilipita kwenda uani, nikasikia nyuma ya pazia mtu anakoroma taratibu. Sijawahi kufurahia mkoromo namna ile! Asubuhi mama alinywa chai, akamuuliza binti yake yule fundi yuko mtaa gani. Alipotoka Ndanda akarudi kwetu, akakaa siku nne, na mke wangu siku zote nne alikuwa anaimba jikoni.

Kwa hiyo mpendwa, kabla hujatoa pesa yako, mchukue mwenzio mkalale wote pale dukani. Muuzaji akinuna, tafuteni duka lingine. Tukutane mwezi ujao.