Anayecheza Ndiye Mhusika Mkuu

Wapo walimu huku Kericho na Bomet ambao hushika tama kila wasikiapo kwamba mwanafunzi amekesha akicheza michezo ya video. Hofu yao naielewa. Hata hivyo, ile michezo yenye hadithi ndefu, ambayo humwachia mchezaji kazi ya kumuumba mhusika mkuu, yastahili kuchunguzwa na mwalimu wa lugha kabla ya kulaaniwa.

Chukua Mass Effect, uliotolewa na kampuni ya BioWare ya Kanada mwaka wa 2007. Mchezaji huamua kama kamanda wake ni mwanamume au mwanamke, kisha humpa jina la kwanza alipendalo. Jina la ukoo, Shepard, halibadiliki, na ndilo wahusika wengine humwitia. Waigizaji waliorekodi sauti zao mapema wangewezaje kutamka jina ambalo mchezaji hajalibuni? Maneno ya kamanda mwenyewe yalirekodiwa mara mbili, na Mark Meer na Jennifer Hale. Isitoshe, Kiingereza hutenga viwakilishi vya mume na mke.

Kiswahili kingewapunguzia watunzi hao kazi, kwani "amefika" haifichui jinsia ya mtu. Lakini kingewaongezea nyingine: nani amwamkie nani shikamoo? Mchezo ungelazimika kujua umri wa mhusika kabla hajafungua kinywa. Nacho Kikipsigis kingeleta suala la jina. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech akiwa mvulana, Chepkoech akiwa msichana. Wa jioni, mbuzi warudipo nyumbani, ni Kiprono au Cherono. Mchezo uliotungwa Bomet huenda ungemuuliza mchezaji saa aliyozaliwa, ukampa jina wenyewe. (Ningelipa kuucheza.)

Kinachonitia wasiwasi ni uhuru wenyewe. Mchezaji huwekewa majibu matatu au manne, yote yakiwa yameandikwa na mtu asiyemjua. La tano, ambalo pengine ndilo lingesemwa nyumbani kwao, halimo. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na waandamanaji waliolalamika kwamba zimewanyang'anya watu kazi. Mtunzi wa mbali angetuwekea njia mbili: choma au usichome. Mtoto wa mchumaji anazijua nyingine: kwenda kwa chama cha wafanyakazi, kujifunza kuiendesha mashine, kurudi kijijini, au kunyamaza kwa sababu nyumba anamolala mamake ni mali ya kampuni.

Basi mwalimu wa Kiswahili na awape wanafunzi tukio hilo. Kompyuta si lazima, daftari latosha. Watunge mhusika mkuu asiyetajwa jinsia, wamfikishe kwenye njia panda, waandike majibu yake na matokeo ya kila jibu. Kisha wabadilishane madaftari, na yeyote asiyeliona jibu lake aliandike pambizoni.