Umma Gani?

Yule bwana aliyeandika gazetini kwamba majengo ya shule kongwe za Nairobi ni hidaya waliyowaachia wakoloni watoto wote wa mji, nami nimemsoma hapa mtaani Pipeline, ambako majumba yamebanana hata jua haliingii uani na watoto hucheza ngazini, ameiacha nusu ya tarikhi. Mathalani, Shule ya Wazungu, iliyoasisiwa mwaka 1902 karibu na stesheni, miaka mitatu tu baada ya reli kufika, ikapanda kilimani, kisha mwaka 1931 ikahamia njia ya Kabete katika jengo adhimu lililosanifiwa na Herbert Baker, ikaitwa Prince of Wales, ilijengwa kwa mali ya serikali. Na katika hazina hiyo ilikuwamo kodi ya kibanda aliyotozwa Mwafrika, ambaye mwanawe hakuruhusiwa kukivuka kizingiti cha shule hiyo mpaka uhuru ulipokuwa mlangoni. Matao yake ni mazuri, na yahifadhiwe. Lakini kumwita mlipaji mpewa sadaka ni dhuluma ya pili. Kibao kikitundikwa ukutani, kimtaje mlipa kodi pamoja na msanifu.