MWENYE BASTOLA NA APIMWE MACHO

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa vichekesho na vitendawili, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Nyoosha mkono wako, inua kidole gumba ukielekeze ubaoni. Sasa kikazie macho hicho kidole mpaka uone mistari ya ngozi yake. Je, maandishi ya ubaoni yamekuwaje? Yamefifia, sivyo? Haya, sasa soma ubao. Kidole nacho kimeingia ukungu, na kama macho yote mawili yako wazi huenda ukaona vidole viwili badala ya kimoja! Si uchawi huo. Ndivyo jicho la binadamu lilivyoumbwa: haliwezi kuona vyema kilicho karibu na kilicho mbali kwa wakati mmoja.

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo, na hoja ilikuwa kwamba raia wema waruhusiwe kubeba bastola ili wajilinde. Waliounga mkono walishinda kwa makofi. Kaka mmoja wa Kidato cha Nne alisimama, akaunda bastola kwa vidole, akasema, "Mwizi akija, mimi ni pa! Amelala." Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka wala sikuinua mkono. Nilikuwa na neno moyoni, na leo nalitoa.

Mimi naishi kwa mjomba wangu kwa sababu nyumba yake iko karibu na shule. Mjomba ana duka la jumla, anauza unga, sukari, mafuta na sabuni. Miaka mingi iliyopita majambazi walimvamia jioni akifunga duka, wakampiga na kuchukua mauzo ya siku nzima. Baada ya hapo aliomba leseni, akapewa, akanunua bastola. Tangu siku hiyo huichomeka kiunoni chini ya koti, hata jua la saa saba likiwaka. Majirani wengi hawajui. Watu wa nyumbani tunajua. (Ameniruhusu niandike haya, ila alinionya nisimtaje jina wala mtaa.)

Jambo jingine tunalolijua watu wa nyumbani ni kwamba Mjomba haoni vizuri. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia huisogeza simu mbali mpaka mkono unakwisha, kisha huniita: "Mwanangu, hebu nisomee hapa, ni elfu tano au elfu sita?" Usiku husema taa za magari zinamchoma na kutawanyika kama miba. Mara mbili amemsalimu jirani kwa jina la jirani mwingine. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Tukimtania, naye anatutania.

Basi siku moja stima zilipotea mtaani. Nilikuwa nimetoka shule nimechelewa, giza limeshaingia, mvua imenyesha, na mwavuli wangu nimeukunja nimeushika mkononi. Nikasukuma lango bila kubisha. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba. Nikasikia, "Nani?" Koo lilikuwa limekauka kwa mafua, nikaitika lakini sauti haikutoka. "Nani wewe?" Nikaona koti limefunuka na mkono umeingia kiunoni. Jamani! Nilitupa mwavuli chini, nikapiga yowe, "Ni mimi, Mjomba! Ni mimi!" Mkono ukatoka mtupu. Mjomba aliketi palepale kwenye ngazi, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Usiku huo ugali ulirudi jikoni ulivyokuja.

Sasa turudi kwenye kile kidole gumba. Bastola ya kawaida ina kinundu kidogo mbele juu ya mtutu, na nyuma karibu na mkono ina pengo. Anayelenga hana budi kukiweka kinundu katikati ya pengo, kisha avielekeze vyote viwili kwa anayemlenga. Yaani kuna vitu vitatu vilivyo mbali mbalimbali, na jicho laweza kukazia kimoja tu. Wanaofundisha shabaha husema ukazie kile kinundu cha mbele. Vyema. Lakini mtu akishapita miaka arubaini hivi, lenzi ya jicho lake huanza kuwa ngumu, isikunjuke na kukunjika kama zamani. Vitu vya karibu vinamtoroka. Kile kinundu, ambacho ndicho roho ya shabaha, kinakuwa kivuli.

Wapenzi wa hisabati nifuateni. Tuseme kutoka pengo la nyuma hadi kinundu cha mbele ni sentimita 15. Macho yakikosea milimita 2 tu, unene usiozidi sarafu, risasi itakosea kiasi gani? Ni pembetatu zilezile tulizofundishwa, ndogo na kubwa zenye pembe sawa. Aliye mita 7 mbele, risasi itapita sentimita 9 hivi kando ya mahali ulipokusudia. Aliye mita 20, sentimita 27 hivi. Ukilenga kifua cha mtu umbali huo, umeshatoka nje ya mwili wake. Na hiyo risasi haianguki chini kwa aibu kwa kuwa imekosa. Yaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Kutoka langoni kwetu, kabla ya kilomita moja kuna kanisa, kituo cha matatu, na shule ya chekechea.

Kuna watakaosema kwamba hizo ni hesabu za karatasi, na kwamba mwenye mazoezi hakosi. Basi tuwatazame wenye mazoezi. Mwaka 2008 shirika la utafiti la RAND lilitoa ripoti kuhusu polisi wa mji wa New York, Marekani. Kati ya mwaka 1998 na 2006, polisi hao walipofyatuliana risasi na wahalifu, risasi zao zilizopata shabaha zilikuwa asilimia 18. Hata pale ambapo yule mwingine hakufyatua, walipata asilimia 30 tu. Hawa ni watu wanaolipwa mshahara kubeba silaha na wanaopelekwa kufanya mazoezi. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jumba la Empire State katika mji huohuo, polisi wawili walifyatua risasi 16 mchana kweupe wakimkabili mtu aliyetoka kumuua mwenzake. Walimuua, lakini wapita njia tisa walijeruhiwa kwa risasi hizo za polisi na vipande vyake. Ikiwa wao ni hivyo, itakuwaje kwa muuza sukari ambaye shabaha yake ya mwisho aliipiga siku alipopata leseni?

Lakini kukosa si ubaya pekee. Linalonitisha zaidi ni kumpata sawasawa mtu asiye na hatia. Tarehe 4 Februari 1999, usiku, katika mtaa wa Bronx, polisi wanne wasiovaa sare walimkuta kijana Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, akiwa mlangoni pa nyumba yake. Alitoa kitu mfukoni. Wao waliona bastola. Walifyatua risasi 41, zikampata 19. Kitu chenyewe kilikuwa pochi. Mahakama iliwaachilia wote wanne mwaka 2000, na sitaki kuingilia kesi hiyo hapa. Nasema tu kwamba usiku mboni hupanuka kutafuta mwanga, rangi zinapotea, na mtu aliyetoka kwenye taa huhitaji kama dakika 20 hadi 30 ili macho yake yazoee giza kikamilifu. Ongeza hofu. Pochi inakuwa bastola. Mwavuli unakuwa bunduki. Ninajua ninalosema.

Kwenye mdahalo dada mmoja alisema kwamba dereva naye akiwa na macho mabovu ni hatari, mbona hatupigi marufuku magari? Hoja nzuri, lakini tazama tofauti. Dereva asiyeona tutamjua. Atagonga ukingo, atapita kituo, abiria watapiga kelele, "Shukisha, dere!" Watu kumi na wanne wanamkagua kila siku bila kulipwa. Bastola iliyofichwa nani anaikagua? Imo chini ya koti. Yule anayeketi karibu nawe hotelini hajui kwamba maisha yake yametegemea miwani yako. Hawezi kuhama meza, hawezi kukuuliza ulipimwa lini. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, anayebeba silaha ya kuonekana ana mzigo mmoja, na anayebeba ya kufichwa ana miwili, maanake lazima awe askari wa kujikamata mwenyewe.

Naomba nisieleweke vibaya. Siwadharau wenye macho hafifu. Mimi mwenyewe navaa miwani tangu darasa la sita, na nikiivua sitambui kama aliye ubaoni ni mwalimu wa Kiswahili au wa Kemia. Wala sisemi Mjomba hakuwa na sababu. Aliyepigwa mateke mbele ya duka lake anayo sababu kuliko sisi tuliopiga makofi ukumbini. Na wako wanaosema miwani inamaliza shida. Haiimalizi. Miwani ya kusomea itamwonyesha kinundu cha bastola lakini yule aliye langoni atakuwa ukungu. Ya kuonea mbali itamwonyesha aliye langoni, kinundu kitoweke. Halafu majambazi hawakungojei utafute miwani mezani, na kofi moja tu miwani iko chini.

Huko Marekani, mwaka 2013 gazeti la Des Moines Register liliandika kwamba katika jimbo la Iowa watu wanaohesabika kisheria kuwa ni vipofu walikuwa wamepewa vibali vya kubeba bunduki, kwa kuwa sheria ya huko haikuruhusu mtu anyimwe kwa ajili ya ulemavu. Nilidhani ni mzaha mpaka mwalimu akanihakikishia. Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, haikwenda njia hiyo. Inasema asipewe cheti mlevi, wala mwenye akili isiyo timamu, wala mtu asiyefaa kukabidhiwa silaha kwa sababu yoyote ile. Maneno hayo ya mwisho ni mapana ya kutosha. Napendekeza yatumiwe hivi: kila cheti kinapoombwa au kuhuishwa, kiambatane na karatasi ya daktari wa macho, na aliyepita miaka arubaini apimwe kila mwaka. Apige shabaha mchana, kisha apige jioni taa zikiwa hafifu, aonyeshwe picha ya mwenye panga na picha ya mwanafunzi mwenye mwavuli. Akimpiga mwanafunzi, arudishe.

Wiki mbili baada ya ule usiku, Mjomba alinitaka nimsindikize kwa daktari wa macho. Alikaa kwenye kiti, akafunikwa jicho la kushoto, akaulizwa herufi. Ile kubwa ya juu kabisa aliikisia. Mtoto wa jicho ameota jicho la kulia, ndilo analolengea, na lile jingine nalo limeanza. Tulirudi nyumbani kwa miguu, kimya. Kesho yake alichukua bastola na cheti chake, akavipeleka kituoni vihifadhiwe hadi atakapofanyiwa upasuaji na kupimwa tena. Duka sasa linafungwa saa kumi na moja, na kijana wa bodaboda tunayemfahamu humsindikiza.

Mimi nami bado nikifika langoni jioni naita jina langu mara mbili kabla ya kugusa komeo.