Maumivu yakianza, mwite muuguzi

Msomaji, huenda umewahi kumkuta mgonjwa wako wodini asubuhi, amegaagaa kwa maumivu usiku kucha, nawe ukamkemea muuguzi kwa kutompa dawa. Kabla hujalaumu, elewa jambo moja.

Dawa za wodini ni za namna mbili. Kuna zile za saa maalumu, ambazo muuguzi huleta bila kuulizwa. Kisha kuna zile ambazo daktari ameandika zitolewe zinapohitajika tu, kama za maumivu, kichefuchefu au kukosa usingizi. Mgonjwa akinyamaza, muuguzi aweza kudhani hana shida.

Basi mhimize mgonjwa wako aseme mapema, kabla maumivu hayajapanda. Aseme yako wapi na ni makali kiasi gani. Muuguzi ataangalia chati aone dawa ilitolewa saa ngapi na kiwango kisichopaswa kupitwa kwa siku. Akisema msubiri, si ukatili. Parasetamoli, kwa mfano, mtu mzima hapaswi kumeza zaidi ya gramu 4 kwa saa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zisipungue saa 4. Ikizidi, huharibu ini.

Ndiyo sababu tembe uliyomletea mgonjwa kwa siri mkobani ni hatari. Haimo katika chati, na muuguzi ataongeza nyingine juu yake.

Na kama dawa haikusaidia, mgonjwa aseme tena ili daktari aitwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.