Hadithi ya Tauni na Kiroboto wa Usambara



Vijana wengi wanaohudhuria darsa zetu hapa Lushoto hawaikumbuki tauni. Wazazi wao wanaikumbuka. Mwezi wa Aprili 1980 maradhi haya yalizuka katika wilaya yetu, na badala ya kupita kama yapitavyo maradhi mengine ya mlipuko, yakaweka makazi. Hadi kufikia Desemba 1996 walikuwa wameugua watu 6,599, na 580 kati yao wakafariki dunia. Shume, Manolo, Sunga, Rangwi, Mtae: kila aliyesali katika misikiti ya huko miaka ile anajua safu zilivyopungua. Yaliendelea kurudi msimu baada ya msimu hadi miaka ya mwanzo ya 2000, kisha yakatulia.

Mwezi uliopita, katika darsa ya baada ya Alasiri, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba anayekufa kwa tauni ni shahidi, basi Muislamu hana haja ya kuhangaika na dawa wala na watu wanaotega panya kwa ajili ya uchunguzi. Hakuna aliyemjibu, na mwandishi wa tahariri hii alikuwa miongoni mwa walionyamaza. Tunalitoa jibu hapa, kwa kuchelewa.

Kwamba ni shahidi, hilo ni kweli na hadithi zake ni sahihi. Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) ndiye aliyetuelekeza kwamba tukisikia tauni imeingia katika nchi tusiiendee, na ikitokea mahali tulipo tusitoke kwa kuikimbia. Na ndiye aliyeamrisha kutafuta tiba. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kuelekea Sham akapata habari za tauni, aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wakubwa wa Kikureshi, na akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, Umar alimfahamisha kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi tuliyoitaja, nayo ikaafikiana na uamuzi ule. Abu Ubayda mwenyewe alifariki katika tauni ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Hatudhani kuna mtu wa Lushoto mwenye kutawakali zaidi ya hao wawili.

Wanazuoni waliokuja baadaye waliitafiti kadhia hii kwa undani. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti watatu kwa tauni, aliiandikia kitabu kizima. Kabla yake, katika karne ya 14, Ibn al-Khatib wa Granada aliandika risala akisema kwamba uambukizo umethibiti kwa uzoefu na kwa kuona kwa macho, na kwamba maradhi huhamia nyumba nyingine kwa nguo, kwa vyombo, hata kwa hereni. Wengi hawakukubaliana naye. Lakini itazame ile habari ya nguo, kisha ulinganishe na yanayofuata.

Mwaka 1894, huko Hong Kong, tabibu Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha tauni, na leo kinaitwa kwa jina lake, Yersinia pestis. Miaka michache baadaye Robert Koch alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu wa Kiziba, kule Bukoba, ni tauni hiyo hiyo. Lakini njia ya kumfikia mwanadamu ilikuwa bado haijulikani. Mwaka 1898, mjini Karachi, Mfaransa Paul-Louis Simond alionesha kwamba mchukuzi ni kiroboto: panya akifa na mwili ukapoa, viroboto humhama na kutafuta damu ya mwingine. Wenzake hawakumkubalia upesi. Basi yule mwanachuoni wa Granada aliiona nguo. Aliyekuwa amejificha ndani ya nguo hakumwona.

Kiroboto anayefyonza damu yenye vijidudu hivi huvibeba tumboni. Katika hali ya ubaridi vijidudu hujifunga pamoja kwa utando wenye kunata na kuuziba mlango wa tumbo lake. Damu haipiti tena, njaa inamshika, naye anauma na kuuma, na kila akiuma anatapika vijidudu katika jeraha. Kuziba huko hupungua joto likizidi, na hali yetu ya milimani, ambayo wageni huja kuifurahia, haimdhuru. Vijidudu vikiingia katika mwili wa mwanadamu vikakuta joto lake, vinajivika gamba jipya na kutoa kitu mfano wa sindano. Kwa sindano hiyo huzidunga seli nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na kuziharibia uwezo wa kuvimeza. Kisha huzaliana katika tezi za kinena, za kwapa au za shingo. Huo ndio mtoki ambao wazee wetu waliujua kabla ya hadubini. Aghlabu huanza siku mbili hadi nane baada ya kuumwa, pamoja na homa kali. Yakifika mapafuni, mgonjwa huwaambukiza wengine kwa kikohozi, bila kiroboto wala panya, na asipotibiwa haraka huwa hapana matumaini.

Sasa turudi milimani kwetu. Kwa miaka mingi watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamekuwa wakitega panya katika mashamba na nyumba za Usambara, na wengi wetu tuliwacheka. Mwaka 2007 Anne Laudisoit wa Ubelgiji na wenzake, wakiwemo wa Sokoine, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa viroboto wa majumbani katika vijiji 12 vya Usambara Magharibi. Katika vijiji 7 tauni ilikuwa imeonekana walau katika misimu 6 kati ya 17. Katika 5 vilivyobaki ilikuwa nadra au haikuandikwa kabisa. Katika kila viroboto 100 waliowakuta majumbani, zaidi ya 72 hawakuwa wa panya, bali ni yule kiroboto wa binadamu. Na wingi wa huyu, si wa wale wengine, ndio uliokwenda sambamba na wingi wa tauni. Hawakudai kwamba wamekwisha thibitisha. Walisema huenda naye ana dhima yake. Ndivyo asemavyo mtu mwaminifu katika elimu yake, nasi tungependa kuusikia uaminifu huo mara kwa mara katika mimbari zetu.

Kiroboto huyo anaishi wapi? Mayai na mabuu yake hukaa katika vumbi la sakafu ya udongo, chini ya mikeka na katika matandiko. Wachunguzi wengine walikwisha kutaja kulala chini na kuweka mavuno ndani ya nyumba za kulala kuwa miongoni mwa mambo yaliyoirefusha tauni Lushoto. Gunia la mahindi humwita panya, naye panya huja na viroboto wake mpaka karibu na kichwa cha mtoto. Na anayetega au kutia sumu panya bila kwanza kuwaua viroboto kwa dawa ya unga anawafukuza viroboto kutoka kwenye mzoga kuja kwake. Panya aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mkono, na wakionekana wengi, zahanati ipewe habari siku hiyo hiyo.

Lipo jambo jingine ambalo lazima tulisema hata kama litawaudhi baadhi. Miaka ile walikuwako waliosema mtoki ni uchawi, wakawaficha wagonjwa au kuwapeleka kwa waganga. Na wako waliosema kwamba tauni ni choma la majini, wakabaki wanasoma tu juu ya mgonjwa siku mbili, siku tatu. Kisomo ni haki na hatukipingi. Lakini hakuna maandiko yanayosema kwamba kisomo kinazuia sindano. Tauni ya mtoki isiyotibiwa huua watu 30 hadi 60 katika kila 100. Hapa kwetu, katika ile miaka 16, walikufa takriban 9 katika kila 100. Hata kwa kipimo cha chini kabisa, bila dawa wangezikwa karibu watu 2,000 badala ya 580. Nasi tunamshukuru Allah aliyeijaalia streptomaisini kuwa sababu.

Kuhusu maiti, shahidi wa tauni kwa kauli ya jumhuri huoshwa na kusaliwa, tofauti na shahidi wa vitani. Waoshaji wavae glovu na kuziba pua na mdomo, na wafuate maelekezo ya mganga wa zahanati. Ikishindikana kuosha kwa kuchelea madhara, sharia ina nafasi ya kutayammamisha. Nguo za marehemu zisigawiwe jamaa siku ya tatu kabla hazijachemshwa.

Atakayesema kwamba haya ni ya zamani akumbuke kwamba kijidudu hiki huweza kukaa miaka mingi katika panya wa mwituni bila mtu kuugua. Mwaka 2007 tauni ilizuka Mbulu. Mwaka 2017, huko Madagascar, iliua watu zaidi ya 200, na wengi wa walioougua walikuwa na ile ya mapafu.

Tumalizie nyumbani kwetu. Katika madrasa ninayosomesha wanafunzi wa dakhalia walikuwa wakilala juu ya mikeka, na mahindi ya chakula chao yamepangwa ukutani chumba hicho hicho. Nimewasomesha bab ya twahara miaka mitano nikiliona hilo kila siku. Baada ya ile darsa ya mzee wetu, wazazi walichanga mbao, na seremala mmoja wa jamaa zetu akaunda vitanda 14 bila ujira. Mahindi yamehamishiwa katika ghala la nje lenye miguu. Mikeka inaanikwa juani kila Alhamisi. Wavulana 14 wamepanda vitandani. Wasichana 11 bado wanalala chini, na mbao zimekwisha.

Wabillahi tawfiiq.